SOMO LA AFYA: Vumbi Halijui Mwenyeji Wala Mgeni

Kaeni kivulini, tusome polepole. Kama jirani yako bado hajaweza kusoma vizuri, msomee kwa sauti naye asikie.

Somo la leo linawahusu watu wanaopenda kutembea katika nchi kavu. Wako wageni wanaokuja kulitazama jangwa. Wako vijana wanaowaongoza wageni hao, kwa miguu na kwa ngamia. Wako wanaofanya mazoezi ya kukimbia barabarani asubuhi. Wote hawa hukutana na mambo matatu: jua, upepo na vumbi.

Tuanze na kisa. Kisa chenyewe kilitupata sisi.

Kijana aliyeficha ugonjwa

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Februari, tulitembea kando ya jangwa la Chalbi pamoja na wageni wachache. Tulianzia Kalacha. Aliyetuongoza alikuwa kijana wa hapo hapo, mwembamba, mcheshi, anayeijua njia kama ua la nyumba yao. Tulichelewa kuondoka. Chai ilitukawiza, na jua likapanda.

Ilipofika saa nne upepo ulizidi. Vumbi jeupe lenye chumvi likainuka, hata ngamia wa mbele hatukumwona vizuri. Wageni wakavaa miwani, wakajifunga vitambaa puani. Kijana wetu hakujifunga kitu. Akaanza kukohoa. Sisi tukamtania: "Mwenyeji gani wewe unayeshindwa na vumbi la kwenu?" Akacheka, akaendelea.

Karibu na saa sita hakuweza kumaliza sentensi moja bila kupumzika. Kifua kilikuwa kinalia kama filimbi. Ndipo akatuambia ukweli: alikuwa na pumu tangu utotoni. Dawa yake ya kuvuta kwa mdomo aliiacha nyumbani makusudi. Aliogopa kwamba tukiiona tutamchukua mtu mwingine, naye akose ujira wa siku ile.

Tulimlaza ngamia chini, tukamkalisha kijana nyuma yake ili upepo usimpige. Tukamfunika pua kwa kitambaa chenye unyevu. Mmoja wetu akakimbia kutafuta gari. Namshukuru Mungu, gari lilipatikana, na kule zahanati alipewa dawa, akapona. Lakini tuseme kweli: kosa lilikuwa letu kwanza. Tulichelewa kuondoka, hatukuuliza habari ya afya ya mtu yeyote, na tena tulimcheka mgonjwa.

Upepo na vumbi la Chalbi hutoka wapi?

Chalbi iko kati ya Mlima Marsabit na Ziwa Turkana. Zamani sana palikuwa na ziwa. Maji yalikauka, yakaacha udongo laini na chumvi. Mahali hapo ni tambarare na hapana miti ya kuuzuia upepo.

Upepo nao una njia yake. Upande wa kaskazini kuna milima ya Ethiopia, na upande wa kusini kuna nyanda za juu za Kenya. Katikati pana nafasi kama mlango. Upepo utokao kusini-mashariki hupita kwa nguvu katika mlango huo. Ndiyo sababu karibu na Loiyangalani imejengwa mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo. Upepo huo huo unaotoa umeme ndio unaoinua vumbi.

Vumbi huingiaje mwilini?

Vumbi si kitu kimoja. Ziko chembe kubwa na ziko chembe ndogo. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, ukazitoa kwa kupiga chafya au kukohoa. Chembe ndogo sana huwezi kuziona kwa macho. Chukua milimita moja, uigawe mara elfu. Kila kipande kinaitwa mikromita. Chembe yenye upana wa mikromita mbili na nusu, au chini ya hapo, hupita pua, hupita koo, ikaingia ndani kabisa ya mapafu.

Sasa fikiria hesabu hii. Mtu mzima aliyekaa kimya huvuta hewa lita 6 hadi 8 hivi kwa dakika. Akikimbia sana anaweza kuvuta zaidi ya lita 60 kwa dakika. Tena anayekimbia huvuta hewa kwa mdomo, na mdomo hauna vinyweleo vya kuchuja kama pua. Kwa hiyo mkimbiaji na mkaaji wakiwa katika vumbi moja, mkimbiaji hula vumbi jingi zaidi.

Vumbi huwasha macho. Hukausha pua na koo. Huamsha pumu kwa mwenye pumu, na humdhuru pia mwenye ugonjwa wa moyo. Halafu kuna homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu, hauletwi na vumbi. Lakini katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, tangu Senegal hadi Ethiopia, milipuko yake mikubwa huja wakati wa kiangazi chenye vumbi. Wataalamu hufikiri kwamba hewa kavu na vumbi huchubua koo, na vijidudu hupata mlango. Chanjo ipo. Uliza zahanati.

Je, mwenyeji huzoea?

Hapa ndipo tunapokosea wengi. Tunasema, "Mimi nimezaliwa hapa, vumbi halinifanyi kitu."

Joto, mwili huweza kulizoea kwa kiasi. Mtu akifanya kazi katika joto kwa muda wa wiki moja au mbili, mwili hujifunza kutoa jasho mapema. Lakini mapafu hayazoei vumbi. Mtu anayevuta vumbi miaka mingi haimarishi mapafu yake, anayachosha. Mgeni hulila vumbi wiki moja, akarudi kwao. Kijana anayemwongoza hulila mwaka mzima. Basi ni nani anayehitaji kitambaa zaidi?

Jua na kiu

Joto la mwili wa mtu mzima wa afya ni kama nyuzi 37. Mwili hujipoza kwa jasho. Ukitembea katika jua kali unaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa moja, hata zaidi. Katika upepo mkavu jasho hukauka mara moja. Unajiona mkavu, unadhani hukutoa jasho. Usidanganyike. Tazama mkojo wako. Ukiwa mweupe kama maji, ni vizuri. Ukiwa wa manjano iliyokoza, kunywa maji.

Hata mtu hodari hushindwa na jangwa. Mwaka 1994 Mwitaliano mmoja, Mauro Prosperi, alikuwa katika mbio ndefu za jangwani ziitwazo Marathon des Sables, huko Moroko. Huyu alikuwa mwanamichezo. Dhoruba ya mchanga ikavuma kwa saa nyingi. Hakusimama mapema, akaendelea mbele, akapotea njia. Alitangatanga zaidi ya siku tisa, akatokea nchi ya Aljeria, ambako wafugaji wahamaji walimwokoa. Alikuwa amekonda sana, na ini lake limeumia. Fundisho ni hili: dhoruba ikija, simama. Njia haitakimbia.

Mambo ya kufanya

1. Ondoka alfajiri. Saa sita hadi saa tisa kaa kivulini.

2. Kabla ya kuondoka, kila mtu aseme kama ana pumu, ugonjwa wa moyo au mimba. Asemaye asinyimwe kazi wala asichekwe. Mwenye dawa aibebe mwilini, asiifunge kwenye mzigo wa ngamia.

3. Jifunge shuka, leso au kitambaa puani na mdomoni. Kitambaa huzuia chembe kubwa. Barakoa nzuri inayobana uso huzuia hata chembe ndogo.

4. Jicho likiingia vumbi usilifikiche. Lioshe kwa maji safi. Usifutie kwa leso ya mtu mwingine, kwa maana ugonjwa wa vikope huambukizwa kwa nguo, mikono na nzi.

5. Kunywa maji kidogo kidogo mara nyingi. Usingoje kiu.

6. Dhoruba ikija, simameni pamoja. Kaeni chini, mgongo uelekee upepo, nyuso zifunikwe. Mwenye gari alitoe barabarani na kulisimamisha.

7. Siku ya vumbi jingi mkimbiaji apumzike. Mazoezi ya siku moja hayapotezi kitu.

Dalili za hatari

Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu na kichefuchefu, mpeleke kivulini. Mlegeze nguo. Mpe maji yenye chumvi na sukari: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, na chumvi nusu ya kijiko kidogo.

Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akizimia, na mwili uwe moto sana, hiyo ni hatari kubwa. Joto lake laweza kuwa limepita nyuzi 40. Mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea, huku mkitafuta gari la kumfikisha hospitali. Aliyezimia msimnyweshe kitu, maji yasije yakaingia mapafuni.

Anayeshindwa kupumua, ambaye hawezi kumaliza sentensi au midomo yake imebadilika rangi, naye apelekwe mara moja. Msimlaze chali, mkalisheni wima. Dawa yake ya pumu, kama anayo, aivute.

Mwisho wa kisa

Yule kijana bado anaongoza wageni. Tulimkuta tena mwaka uliofuata. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa tayari, dawa yake imening'inia shingoni kwa kamba, shuka limefunga pua. Kabla ya hatua ya kwanza aliwasimamisha watu wote, akasema: "Mimi nina pumu, na dawa ni hii hapa. Nani mwingine ana neno?" Mama mmoja mgeni akainua mkono, akasema moyo wake una shida. Hakuna aliyecheka.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini kijana alificha ugonjwa wake? Hapa kwetu ni ugonjwa gani watu huuficha kwa kuogopa kukosa kazi?

2. Kwa nini mkimbiaji hula vumbi jingi kuliko mtu aliyekaa?

3. Eleza tofauti ya kuzoea joto na kuzoea vumbi.

4. Mtu amezimia kwa joto. Mwenzako anataka kumnywesha maji. Utamwambia nini?

5. Andika katika daftari lako mambo matatu utakayoyafanya siku ya upepo mkali. Wasomee watu wa nyumbani kwako.