SOMO KWA WAMAMA: DAWA YA GANZI NA KILO ZA MTOTO

Leo tutajifunza juu ya dawa ya ganzi. Munganga anaitumia wakati wa kushona kidonda, kupasua jipu, kutoa jino, ao kushona mama aliyepasuka wakati wa kuzaa. Ile inayojulikana zaidi ni lidokaini. Ni dawa nzuri. Lakini ikipita kipimo, inaweza kuua.

Tuangalie mfano. Mtoto wa mwaka mmoja ameanguka juu ya jembe, mguu umekatika vibaya. Munganga anachoma ganzi kando ya kidonda. Mtoto analia. Mama anasema: "Munganga, ongeza dawa, mtoto iko anasikia uchungu!" Munganga anajibu: "Hapana, mama. Kipimo chake kimetimia. Tungoje kidogo, dawa ishike." Mama anakasirika. Lakini munganga ana haki.

Kwa nini kuna kipimo?
Dawa ya ganzi inafunga mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari ya uchungu kwenye ubongo. Ikibaki penye kidonda, hakuna shida. Lakini sehemu yake inaingia katika damu. Ikiwa nyingi, damu inaipeleka kwenye ubongo na kwenye moyo, na huko inaharibu kazi yao. Tena, hata dawa kidogo ikiingia moja kwa moja katika mshipa wa damu ni hatari. Ndiyo sababu munganga anavuta sindano nyuma kidogo mbele ya kuingiza dawa, aone kama damu inarudi.

Kilo ndizo zinaamua
Lidokaini ya kawaida isipite miligramu 4 na nusu kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 10 asipite miligramu 45. Katika dawa ya 1%, hizo ni mililita 4 na nusu. Lakini katika dawa ya 2%, ni mililita 2 na kidogo tu! Chupa zinafanana, nguvu haifanani. Kwa mtoto mchanga munganga anapunguza tena. Basi, mtoto apimwe kwenye mizani, na mama aonyeshe fishi yake.

Alama za hatari
Zinaweza kuja mara moja, ao kisha nusu saa. Mkubwa atasema:
1. Midomo na ulimi vinakufa ganzi.
2. Mdomoni mna ladha ya chuma.
3. Masikio yanalia, kichwa kinazunguka.
Mtoto mdogo hawezi kusema. Umwangalie: anatetemeka, anasinzia kwa namna isiyo ya kawaida, ao anashikwa na degedege. Kisha pumzi inaweza kukatika na moyo kusimama.

Ukiona alama moja, ita munganga palepale. Umlaze mtoto kwa ubavu. Usimtie kitu mdomoni, wala kijiko, wala dawa ya nyumbani. Kwa hiyo, kisha kushonwa usikimbilie nyumbani. Ngojeni kwanza hapa.

Mambo ya kukataa
– Usinunue chupa ya ganzi sokoni, na usikubali mtu akuchome nyumbani. Kuna shindano za kuchoma kwenye nyama zinazochanganywa na lidokaini ili zisiume, kama seftriaksoni. Mchanganyiko huo hauingizwi katika mshipa wa damu hata siku moja.
– Usipake dawa ya ganzi kwenye ufizi wa mtoto anayeota meno. Anaimeza, koo linakufa ganzi, na maziwa yanaweza kupita njia ya pumzi. Mwaka 2014 shirika la serikali ya Marekani linaloangalia dawa lilionya wazazi juu ya jambo hilo, kwa sababu watoto walishikwa na degedege na wengine walikufa. Nawa mikono, sugua ufizi kwa kidole, ao umpe kitambaa safi kilicholowa maji baridi yaliyochemshwa mbele.

Mama, kilio cha mtoto kinaumiza moyo wako, tunajua. Umshike vizuri, umwimbie. Kilio kitapita. Dawa iliyozidi haitoki tena mwilini kwa kuvuta sindano.

Maulizo
1. Mtoto wako iko na kilo ngapi leo?
2. Taja alama tatu za hatari.
3. Mama jirani anapaka ganzi kwenye ufizi wa mtoto. Utamwambia nini?