Buloni za eshapoma: musinunue kwa kung'aa



Koperative za bonde la Ruzizi zinazopandisha mchele Bukavu na kamyo yao zinajua Ngomo. Pale ndipo moteri inapika. Msimu uliopita tulikuwa ndani ya kamyo moja, mzigo umejaa, katikati ya mlima tukasikia upepo unapiga filimbi, nguvu ikaisha, moshi mweusi nyuma. Ekuru mbili za turbo zilikuwa zimeanguka. Tulilala barabarani, mvua ikanyeshea mchele. Na zile ekuru zilikuwa mpya! Nyeupe, zinang'aa, bei ya chini.

Basi leo tuache mbegu kidogo.

Moteri ya mazutu ikibeba mzigo mzito, moshi unaoingia ndani ya turbo unaweza kupita digri 600. Buloni inashika kwa sababu ukiikaza inavutika kidogo, kama kamba ya mpira. Joto hilo likiilegeza, haivuti tena, na kutetemeka kwa barabara kunamaliza kazi.

Wengi wanatuambia: «Sisi tunaweka 8.8, hata 12.9, ile ngumu kabisa.» Namba hiyo ilipimwa kwa baridi. 8.8 ni nguvu ya newton 800 kwa milimita moja ya mraba, ndiyo, lakini chuma hicho kilipata ugumu wake kwa kuchovywa na kupashwa tena, kwa digri 425 au zaidi kidogo. Eshapoma ikikipasha kupita pale, kinarudi laini.

Ile nyeupe imepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwa digri 420 hivi, na ikiyeyuka inaweza kuingia ndani ya chuma kilichokazwa na kukipasua. Ekuru yenye pete ya nailoni ndani, hapana kabisa: pete inaisha siku ya kwanza. Inoksi ya kawaida hailiwi na kutu, lakini ikipata moto inavimba kuliko fonti ya kolekteri, kwa hiyo inalegea. Tena inoksi juu ya inoksi inashikana mpaka ukate na msumeno.

Mutafute gujoni za moteri yenu yenyewe, na ekuru zilizopakwa shaba, ama zile za chuma kitupu zenye mdomo uliobanwa. Hizi za mdomo zikifunguliwa, mununue zingine. Mupeleke ya zamani dukani: buloni ya milimita 10 iko na meno ya 1.5, iko na ya 1.25. Ikiingia kwa nguvu, si yake.

Kukaza ni moteri ikiwa baridi, kuanzia katikati kwenda pembeni, mizunguko miwili au mitatu, na kle ya kupima kama garaji iko nayo. Grisi ya kawaida inaungua. Pasta ya shaba ni nzuri, lakini inatelezesha, kwa hiyo mupunguze nguvu ya mkono. Kisha safari ya kwanza, ipoe, muangalie tena.

Mashine ya kusaga nayo ni vilevile, na pale hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mama wanasimama ndani ya nyumba pamoja na moteri. Ndani ya moshi muko hewa ya sumu isiyo na harufu. Asubuhi mbele ya kuwasha, mupitishe macho kwenye maungio ya eshapoma: mukiona mstari mweusi wa masizi, pale panavuja. Musiwashe.