Video ipi ikufundishe kurekodi?

Huku Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, video ya mafunzo ina bei hata ikiwa imeandikwa bure. Kuna mega za intaneti, kuna betri ya sola inayokata saa mbili usiku, na kuna kompyuta ya kanisa unayoachiwa mpaka mazoezi ya kwaya yaanze. Ukikosea kuchagua, umekula vyote hivyo na wimbo bado haujarekodiwa. Maswali haya huulizwa na vijana wa studio ndogo na maestro wa kwaya, na ninayajibu kama ninavyowajibu tukikaa mbele ya kioo kimoja cha kompyuta.

Mwalimu, nina FL Studio, lakini kila video ninayofungua ina sura tofauti na yangu. Nimekosea wapi?

Hujakosea, umechanganya matoleo. Programu hiyo ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilianza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Mwaka 2018 iliruka kutoka toleo la 12 hadi la 20 kusherehekea miaka ishirini, kwa hiyo usihangaike kutafuta toleo la 15, halikuwepo. Baada ya 21 wakaanza kuhesabu kwa mwaka: 2024 na kuendelea. Video ya toleo la 12 inaonyesha vitufe ambavyo kwako vimehamishwa. Fungua menyu ya msaada, soma namba ya toleo lako, iandike pamoja na jambo unalotafuta.

Na kama bado hujalipia, ujue kwamba toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi lakini si kuifungua tena kama ulivyoiacha. Nimeona kijana akikaa na biti ya wiki nzima asiyoweza kuigusa, kwa sababu hakuna video hata moja aliyotazama iliyomwambia.

Kwa hiyo ninunue, au nichukue ile inayozunguka kwenye flashi?

Ile ya flashi mara nyingi huja na virusi, na kompyuta ikifa hapa fundi yuko Uvira. Kwa anayerekodi waimbaji na magitaa kuliko kupanga biti, mimi humwelekeza kwenye programu ya Reaper. Faili lake la kusakinisha ni dogo sana, unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni ya mtumiaji binafsi ni dola 60. Tovuti yao ina video za bure za Kenny Gioia, fupi fupi, kila moja jambo moja. Pia kuna kitabu chao cha PDF, kurasa zaidi ya 400, unachokipakua mara moja ukakisoma bila intaneti. Kitabu hakina mbwembwe, lakini hakikwami katikati mtandao ukianguka.

Mega zangu ni chache. Nitazame kwa ubora gani?

Saa moja ya video ya 360 hula megabaiti 300 hivi, ya 720 hula karibu mara tatu. Shida ni kwamba menyu za programu hizi ni herufi ndogo. Kwenye 144 huoni kitu ila ukungu. Pakua kwa 480 sehemu inayoonyesha vitufe, mazungumzo mengine yaache. Kuna masomo ambayo hata 1080 haiyasaidii: somo la besi na kiki kupitia spika ya simu ni kupoteza muda, maana spika hiyo haitoi sauti za chini. Hayo yasikilize kwa hedifoni, au yaache kwanza.

Tahadhari na video za kunakiliwa dukani. Mimi niliwahi kulipia flashi ya video arobaini. Nusu zilikuwa za Cubase, programu nyingine ya kurekodi, na mimi sikuwa nayo.

Nimfuate mwalimu wa Kifaransa, Kiingereza au Kiswahili?

Angalia kwanza kioo chako kinaongea lugha gani. Mwalimu anasema *piste*, kwako pameandikwa *track*, na somo zuri limekupita. Wengi wa Fizi waliokulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa Kigoma, Tanzania, mwaka 1996, wanamwelewa mwalimu wa Dar es Salaam bila kutafsiriwa, na hiyo ni mali. Ila mtafute kwa maneno ya menyu yako. Weka daftari la safu mbili: neno la kioo, na neno la mwalimu.

Mpiga solo wetu anacheza sebene vizuri, lakini akirekodi gitaa linachelewa masikioni. Video hazisemi lolote.

Kwa sababu nyingi zinafundisha kupanga ngoma kwa mausi, na mausi haichelewi. Sebene ni jambo jingine: wapiga gitaa wa solo na mi-solo hujibizana, kila mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenzake. Gitaa linachelewa kwa sababu kompyuta hukusanya sauti kwenye bafa kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli 1024, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 23. Kwa mwendo wa sauti hewani ni sawa na kusimama mita nane kutoka kwenye ampli yako, tena hiyo ni njia moja tu. Kuingia na kutoka ni zaidi. Shusha hadi 128, utakuwa mita moja. Ikianza kukwaruza, panda hadi 256. Kama unatumia Windows bila kadi ya sauti ya nje, jaribu programu ya ASIO4ALL, ni ya bure. Neno la kutafuta ni *latency*, au *latence* kwa Kifaransa.

Nitamjuaje mwalimu wa kweli?

Msikilize anapoonyesha "kabla" na "baada". Sikio hupenda sauti kubwa. Ukiongeza kidogo tu, kila kitu kinaonekana kimependeza. Kama "baada" yake ni kubwa kuliko "kabla", amekuuzia sauti kubwa. Anayejua kazi husawazisha kwanza, ndipo anakuachia uamue.

Halafu angalia kama anatoa namba tupu. Wengi husema: kata kila kilicho chini ya hezi 100 kwenye sauti za watu. Kwa msichana anayeimba soprano, sawa. Lakini mwimbaji wa besi akishuka hadi mi ya chini, noti yake ni hezi 82 hivi. Ukinakili namba hiyo kwenye kwaya nzima, umemnyonga mzee wa safu ya nyuma aliyeshikilia wimbo. Mwalimu mzuri angekwambia anakata mngurumo wa jenereta na vishindo vya miguu, na angekuonyesha pa kusimama.

Wanaotaja plagini ishirini za kununua kwenye dakika tano za kwanza, wafunge.

Usiku huu nina umeme wa saa moja. Nianze na ipi?

Tafuta ya dakika kumi, ya toleo lako, inayoanza na kioo kitupu na kuishia na sauti ya mtu iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja. Itazame mara moja, ifunge, kisha rekodi ubeti mmoja wa wimbo wenu. Utakwama mahali. Andika neno lililo kwenye kioo pale ulipokwama. Ndilo utakalotafuta kesho ukipata mega.