Somo la Mwezi: Nani apumzike, nani atembee?



Muganga akisema "fanyeni mazoezi ya mwili", wengi wetu wanacheka. Mama mmoja atajibu: "Miye tangu asubui niko na lukasu mukono, mazoezi gani tena?" Ana haki. Lakini katika kiwanja kilekile kuna mtu mwingine ambaye mukaba wake haufungi tena, na akipanda mulima kidogo anahema. Na mtoto anayetoka masomoni anakaa mbele ya telefone mpaka usiku.

Kwa hiyo hatutawaambia tu "jitikiseni". Katika jamaa ya mkulima, kuna mwenye kufanya kazi kupita nguvu zake, na kuna mwenye kukaa kupita kiasi. Dawa ya wote wawili ni moja: kugawanya kazi upya. Kisha somo hili mtaweza kupima kazi ya kila mtu nyumbani, na kuchagua kazi moja ya kubadilishana.

1. Mwili unahitaji nini?

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mashauri mapya mwaka 2020. Mtu mzima anahitaji kujitikisa dakika 150 au zaidi kwa juma, yaani nusu saa kwa siku, siku tano. Mara mbili kwa juma anahitaji pia kazi ya kutia misuli nguvu, kama kubeba, kuvuta au kupasua kuni. Mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji dakika 60 kila siku.

OMS haiulizi kama ulifanya hayo kwenye uwanja wa mpira ao kwenye shamba. Kulima, kwenda sokoni kwa miguu, kusukuma kinga yenye mzigo, kuchota maji, kucheza ngoma: yote yanahesabiwa. Kipimo ni rahisi. Kama unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, moyo unafanya kazi vizuri.

Basi mama mwenye lukasu alishamaliza dakika zake zamani. Yeye anakosa kitu kingine: kupumzika. Mwili usiopumzika hauwi na nguvu zaidi. Mgongo unauma, usingizi unapungua, na ugonjwa mdogo unakaa siku nyingi.

2. Kiangazi cha nani?

Huku kwetu Shituru na Likasi nzima, kuanzia Novemba, mvua ikishika, kila mtu ana jasho. Lakini mahindi yakishavunwa, kiangazi kikija, kazi ya shamba kubwa inasimama. Baba wengi wanakaa: pa kiti, pa duka, pa mupira, ama juu ya moto ya kubeba watu. Mama yeye anaendelea. Kuna mboga za dembo za kumwagilia asubui na mangaribi, kuna maji ya nyumba, kuna kuni na makala. Tena mtoto mgongoni.

Kwa hiyo kiangazi kinaweza kuwa mapumziko kwa mmoja na mzigo uleule kwa mwingine. Tusigombane kwa maneno. Tuhesabu.

3. Kazi ya kikundi: saa 24, mbegu 24

Kila mtu achukue mbegu 24 za mahindi. Mbegu moja ni saa moja. Weka chini mafungu manne:

– usingizi;
– kazi ya nguvu (lukasu, maji, kuni, kutwanga, kubeba);
– kazi ya kukaa ao nyepesi (kuuza, kupika, kuongoza moto);
– kupumzika na maongezi.

Mume na mke waweke mbegu zao bega kwa bega, bila kusema neno. Kisha waangalie. Huu ni mfano tu, siku moja ya Julai:

Mama: usingizi 6, kazi ya nguvu 9, kazi nyepesi 7, kupumzika 2.
Baba: usingizi 8, kazi ya nguvu 2, kazi ya kukaa 8, kupumzika 6.

Zenu zitakuwa tofauti. Kuna nyumba ambamo baba njo anaumia, na kijana mwenye nguvu analala mpaka saa tatu ya asubui. Mbegu hazisemi uongo.

4. Dakika zilezile zinaponyesha watu wawili

Sasa chagueni kazi moja tu. Tuchukue maji ya mangaribi. Kwenda kwenye kisima na kinga, kujaza bidon mbili, kurudi ukisukuma: tuseme nusu saa. Baba akiifanya siku tano kwa juma, amefika dakika 150 za OMS. Hakununua viatu, hakupoteza wakati. Na mama amepata saa mbili na nusu za kupumzika kila juma. Dakika zilezile zimesaidia miili miwili.

Tunajua neno gumu liko wapi. Katika nyumba nyingi maongezi yanakwenda hivi:

"Baba watoto, miye nilishachoka. Maji ya mangaribi, weye njo utachota."
"Bantu batanicheka. Mwanaume na bidon?"
"Bacheke. Siku nitaanguka, bao habatakuya kukupikia bukari."

Hapo koperative inaweza kusaidia. Mwanaume mmoja akipita peke yake na bidon, watu wanacheka. Wanaume kumi wakipita pamoja, hakuna anayecheka. Wazee wanakumbuka salongo ya wakati wa Zaïre: watu walitoka kwa kulazimishwa. Hii yetu hailazimishwi na mtu. Kila jamaa inachagua yenyewe.

Njia zingine za kubadilishana:

– Kijana apeleke gunia kwa kinga, mama asibebe kichwani.
– Watoto wote, wa kiume na wa kike, wafagie kiwanja na kumwagilia tuta moja kisha masomo. Mtoto asibebe bidon ya litre 20: maji yake ni kilo 20. Mpeni ya litre 5.
– Mwenye kuongoza moto siku nzima ashuke kila saa mbili, atembee kidogo.
– Siku ya Mungu, kisha misa ao ibada, tembeeni pamoja mpaka kwa jamaa badala ya kulipa moto.

Angalieni jambo moja la mahali petu. Kiangazi vumbi ni nyingi, na njia za malori zinapita karibu na nyumba. Tembeeni asubui mapema, na mchague njia ndogo mbali na malori.

5. Kunyanyua mzigo bila kuvunja mgongo

Usiiname na miguu iliyonyooka. Chuchumaa, shika mzigo karibu na tumbo, simama kwa nguvu za miguu. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno. Lukasu yenye muti mrefu inapunguza kuinama. Kila nusu saa simama, nyoosha mgongo, kunywa maji safi. Mama mwenye mimba aendelee kutembea, lakini mizigo mizito waibebe wengine.

6. Desturi ndogo za chungu na kitanda

Tansio, yaani damu kupanda, mara nyingi haina dalili. Mtu anaweza kulima vizuri leo, kesho upande mmoja wa mwili umelala. Kwa hiyo:

– Chumvi. OMS inasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, pamoja na chumvi iliyo ndani ya chakula. Kama umetia Maggi, punguza chumvi. Makayabu, iloweke, mwaga maji yale, kisha upike.
– Mboga. Sisi tunaolima mboga tunaziuza zote, halafu tunakula bukari kubwa na mchuzi mdogo. Kabla ya kwenda sokoni, acheni fungu moja la lengalenga, sombe ao matembele nyumbani. Punguzeni bukari kidogo, ongezeni mboga na maharagi.
– Vinywaji. Maji safi ni bora kuliko vinywaji vya sukari. Lutuku haiondoi uchovu. Inauficha tu, na inaharibu ini na nyumba.
– Usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba ao zaidi. Kama fungu la usingizi lina mbegu tano, hapo njo mahali pa kuanzia.
– Kipimo. Kila mtu aliyepita miaka 40 apimwe tansio kwenye kituo cha afya hata mara moja kwa mwaka. Ikifika 140 juu ao 90 chini, na ikirudia hivyo siku nyingine, afuate mashauri ya muganga. Mwenye dawa asiziache kwa sababu anajisikia vizuri.

Mwenye ugonjwa wa moyo aulize muganga kabla ya kuanza kazi mpya ya nguvu. Maumivu ya kifua, mdomo kupinda, mkono ao mguu kupoteza nguvu ghafla: msingoje asubui, mpelekeni hospitali palepale.

7. Maulizo ya kuzungumzia

1. Katika nyumba yako, ni nani mwenye mbegu nyingi za kazi ya nguvu? Na kiangazi je?
2. Ni kazi gani tunayoita "ya wanawake" ambayo mwanaume mwenye afya hawezi kweli kuifanya?
3. Mama akigonjwa juma mbili wakati wa kupalilia, shamba lenu litapoteza nini?

Kazi ya nyumbani: kila jamaa ichague kazi moja ya kubadilishana kwa majuma manne. Mwanzo na mwisho, wekeni mbegu 24 tena. Siku ya posho ya mkutano unaofuata, tutauliza mambo mawili tu. Kwanza: ni mbegu ngapi zilihama? Pili, na hapa mama wajibu wenyewe: mgongo unasema nini?