Mgeni Akija, Ardhi Isiondoke
Somo kwa vikundi vya kujisaidia

Somo la safari hii limetokana na swali nililoulizwa katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama upande wa Tabaka. Mama mmoja mjane alisimama akasema kuna mtu anayetaka kununua nusu ekari yake iliyo kando ya barabara, karibu na machimbo ya mawe ya sabuni. Mtu huyo anataka kujenga nyumba ya wageni na duka la vinyago. Bei ni nzuri, na kijana wake wa mwisho amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Akauliza, "Watalii wakija si sisi sote tutapata? Sasa niuze ama nisiuze?"

Mkutano ulinyamaza. Wengine walisema auze, wengine wakatikisa kichwa. Mimi niliomba tupewe muda. Nilitaka kwanza tujifunze kutoka kwa wenzetu walioishi na watalii miaka mingi kuliko sisi. Hao ni watu wa vijiji vya Pwani.

Yaliyowapata watu wa Pwani

Mwaka wa 1895 Waingereza walianza kutawala Pwani, na ukanda wa maili kumi kando ya bahari ukabaki kwa jina la Sultani wa Zanzibar. Mwaka wa 1908 ilitungwa sheria kwamba kila anayedai ardhi katika ukanda huo alete madai yake yaandikwe. Wenye maandishi na wenye kujua mambo ya ofisi walipata hati. Wamijikenda wengi hawakupata. Wao walijua shamba ni lao kwa minazi waliyopanda na makaburi ya wazee wao, lakini mnazi na kaburi havikuhesabiwa kama hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, ukanda ule ukawa sehemu ya Kenya, lakini shida ya hati haikwisha. Baadaye watalii wakaongezeka, na mahoteli yakajengwa kutoka Diani hadi Malindi. Mchanga ambao mkulima aliuona hauna faida, maana haustawishi mahindi, ukawa na bei kubwa kuliko shamba lolote. Wengine waliuza ploti za ufuoni kwa pesa kidogo, zikaliwa zikaisha. Wengine walikuta ardhi waliyokalia tangu babu imegawiwa watu wa mbali. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004, iliyochunguza ugawaji mbaya wa ardhi ya umma, iligusa pia ploti za ufuoni.

Katika sehemu nyingine mvuvi alikuta ukuta wa hoteli umeziba njia yake ya kwenda baharini. Katiba ya mwaka wa 2010 inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Lakini kama njia ya kufika huko imefungwa, haki hiyo itamsaidia nini mvuvi?

Kazi zilipatikana, hatukatai. Kuna waliopata kazi ya bustani, ya ulinzi, ya jikoni. Lakini mtu aliyekuwa na shamba akawa mlinzi wa lango katika shamba lile lile. Hapo ndipo tuangalie kwa makini.

Vijiji vilivyoshika lango wenyewe

Si kila mahali mambo yalienda hivyo. Kusini mwa Mombasa, katika Kwale, kuna kijiji cha Gazi. Watu wa Gazi ni wavuvi, na kijiji chao kiko karibu na msitu wa mikoko. Zamani mikoko ilikatwa sana kwa kuni na kwa biashara, na wavuvi wanajua kwamba samaki huzalia kwenye mizizi ya mikoko. Akina mama wa Gazi walitengeneza njia ya mbao juu ya matope katikati ya mikoko. Mgeni analipa kiingilio, anatembezwa, na akitaka anapikiwa chakula cha Kiswahili. Pesa inaingia katika kikundi.

Tena mwaka wa 2013, Gazi na jirani zao wa Makongeni walianza mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko na kupanda mingine. Mikoko huvuta ile hewa chafu ya kaboni inayoongeza joto duniani, na watu wa nchi za nje wanalipa ili itunzwe. Hesabu yao ni karibu tani 3,000 kwa mwaka. Pesa hiyo imeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na kijiji ndicho huamua itumike wapi. Mwaka wa 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mbele zaidi, katika kisiwa cha Wasini, akina mama wana njia yao ya mbao juu ya matumbawe ya kale. Nao pia hutoza kiingilio.

Angalieni jambo moja. Msitu wa mikoko ni mali ya serikali, na watu wa Gazi hawana hati yake. Lakini wana mapatano ya maandishi ya kuusimamia, na wana kikundi chenye viongozi na vitabu vya hesabu. Ndiyo maana mgeni akija, anapitia kwao.

Pesa ya watalii ni kama mvua

Inanyesha, halafu inakatika. Mwezi wa Agosti 1997 palitokea fujo Likoni, na watalii wakakimbia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wakakimbia tena. Machi 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha ndege. Kila mara vinyago vya Tabaka vilikaa stoo pamoja na vya Mombasa. Aliyekuwa na shamba alikula ndizi na mboga zake. Aliyeuza shamba akategemea duka peke yake alilala njaa.

Sisi tufanye nini?

1. Tusikimbilie kuuza. Nusu ekari kwetu ni kubwa, maana mashamba ya Kisii na Nyamira yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande. Karo ni ya miaka michache, lakini shamba likienda halirudi.

2. Tujue sheria. Shamba likiwa bado kwa jina la marehemu, haliwezi kuuzwa kabla mambo ya urithi hayajamalizwa kortini. Mali ya ndoa haiuzwi bila mume na mke wote kukubali, kulingana na sheria ya mwaka wa 2013. Kuuza au kukodisha shamba la kilimo kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe kabla ya miezi 6 kwisha. Bila kibali, mapatano hayana nguvu.

3. Tufikirie kukodisha. Miaka iwe michache na iandikwe, kodi iandikwe, na ijulikane nyumba itakuwa ya nani muda ukiisha. Msidanganywe na miaka 99. Hiyo ni kuwanyima wajukuu.

4. Tuangalie nani anapata. Kwenye mawe ya sabuni kuna anayechimba, anayechonga, mama anayesugua kwa msasa na maji, dalali, na mwenye duka Nairobi. Andikeni kila mmoja hupata ngapi kwa kinyago kimoja. Kikundi kikiweza kuuza bila dalali, tayari mmepata faida bila kuuza hata futi moja ya udongo.

5. Tutunze kinachomleta mgeni. Gazi ni mikoko, kwetu ni mawe na ustadi wa mikono. Mashimo yaliyoachwa wazi yanaua watoto na ng'ombe, na yanaharibu shamba. Yazibwe.

Yule mama tulirudi kwake. Kumbe hati ilikuwa bado kwa jina la marehemu mumewe, hivyo hata angetaka, hangeweza kuuza halali. Kikundi kilimkopesha sehemu ya karo kutoka kwa akiba, naye akaanza mambo ya urithi kortini. Mnunuzi ameambiwa kwamba kama anataka mahali, aje kuzungumza habari ya kukodi, mbele ya familia na wazee. Bado hajajibu. Akirudi atakuta wenye shamba wamejiandaa.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tumpe, lakini shamba tubaki nalo.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, ni nani wameuza ardhi miaka kumi iliyopita? Leo wako wapi?
2. Hati za mashamba yetu ziko kwa majina ya nani?
3. Tuna kitu gani ambacho mgeni angelipa kukiona? Ni nani anayekitunza sasa?
4. Akiba ya kikundi inaweza kumsaidia mwanachama asiuze shamba kwa haraka? Kwa masharti gani?

Katibu aandike majibu, na yasomwe tena mkutano ujao.