Baada ya Kupona Limfoma

Mtu aliyepona limfoma, yaani saratani ya mitoki, akirudi nyumbani twasema upesi, “Shida imekwisha.” Haijaisha yote. Wengi hukaa na uchovu usioondoka kwa usingizi, pengine kwa miaka; aketiye chini katikati ya palizi tusimwite mvivu. Tena matibabu yaliyomponya huacha alama. Miongoni mwa waliotibiwa kwa mionzi kifuani katika miaka ya 1960 na 1970, wako walioshikwa na ugonjwa wa moyo baada ya miaka 10 au 20, na wanawake waliotibiwa wangali wasichana, wengine walipata saratani ya matiti. Dawa iitwayo doksorubisini nayo yaweza kudhoofisha moyo. Basi na amwendee daktari kila mwaka, ajapojiona mzima, na karatasi ya matibabu aitunze. Daktari wa miaka 20 ijayo atataka kujua alipewa nini.