"Each other" na "one another": uliza kwanza kitenzi chako cha Kiswahili

Wiki hii binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili, amenifungulia daftari lake la Kiingereza kwa huzuni. Sentensi yake, "The three sisters helped each other", imetiwa kosa kwa kalamu nyekundu. "Mjomba, nimekosa nini hapa?" Hajakosa kitu. Tatizo ni vile vijitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa stendi, vinavyokaririsha kwamba "each other" ni ya wawili na "one another" ni ya watatu kwenda juu. H. W. Fowler aliikataa kanuni hiyo tangu mwaka 1926 katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza. Vijitabu hivyo ni hasara tupu. Afadhali kamusi nzuri ya mwanafunzi, hata ya mtumba.

Basi, hatua za kuitumia "each other" sawasawa ni tatu. Ya kwanza fupi: "each other" haiwi kiima cha sentensi.

Ya pili ndiyo yenye kazi. Sema sentensi kwa Kiswahili, kisha kitazame kitenzi. Kikiwa na "-ji-", andika "themselves". Kikiishia na "-ana" ya kutendana, andika "each other". Wanajilaumu: "they blame themselves", kila mtu na nafsi yake. Wanalaumiana: "they blame each other", kila mmoja anamtupia mwenzake.

Binti alilishika hilo mara moja, akaleta "wanasikilizana". Akaandika "they listen each other". Hapo ndipo wengi wanapokwama, maana Kiswahili kimeshamaliza kila kitu ndani ya kitenzi, ilhali Kiingereza kinadai kihusishi chake kibaki: "listen to each other". Wanategemeana, "depend on each other". Wanachekana, "laugh at each other". Tukaandika orodha hadi ukurasa ukajaa, naye akaanza kunitega: "Na walikutana, je?" Hiyo "they met" inatosha. "Juma alipigana na Ali?" Wote wawili watangulie: "Juma and Ali fought each other".

Hatua ya tatu, ya umiliki, aliifikia mwenyewe, kwa "walibebeana vitabu". Alifikiri kidogo, akaandika "they carried each other's books", apostrofi ikakaa kabla ya "s", mahali pake hasa. Nikampigia makofi.